Nashuku Mama Ananifunza kwa Chai

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na kabla ya yote naomba usinicheke, maana kaka yangu ameshanicheka kwa niaba ya nyumba nzima.

Mimi ni msichana wa sekondari, si msemaji, na nyumbani wananiita Kobe kwa sababu mgeni akibisha hodi mimi nimeshaingia chumbani. Muhula huu nilipata katika maktaba ya shule kitabu cha saikolojia ambacho hakuna aliyewahi kukiazima, nikakisoma kama mwenye njaa, nikajua kwamba elimu hii ilikuwa mtoto wa falsafa mpaka Mjerumani mmoja alipoifungulia maabara, kisha wataalamu wakaanza kuvutana, hawa wakisema siri ya mtu imo katika ndoto na utoto wake, wale wakisema achaneni na ndoto, tazameni anachofanya, na waliokuja baadaye wakawaambia wote kwamba wamesahau kuwa mtu ana akili na hiari yake. Nikajua pia kwamba wanasaikolojia hawako hospitalini tu, wako shuleni, viwandani, mahakamani, hata kwenye timu za michezo, nikasema moyoni, kazi yangu ndiyo hii.

Tatizo ni mama. Yeye ni karani wa mapokezi kwenye zahanati, na kila siku anamtazama mfamasia wao nyuma ya kioo, koti jeupe, hana haraka, na akirudi husema, "Mwanangu, mfamasia hafokewi na mtu." Nilipomtajia saikolojia alisema, "Kutibu vichaa? Wewe unayekimbia hata wageni?" Akacheka, yakaisha, au nilidhani yameisha.

Maana nilipofika kwenye sura ya wale wa tabia, wenye mbwa wa kudondokwa mate kwa kengele na panya wa kupewa chakula kila akibonyeza kitu, nikaanza kuona mambo. Nikikaa mezani na kemia baada ya chakula, mama hupunguza redio na kuniletea chai ya maziwa bila kuombwa. Nikifungua saikolojia jioni, ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, hapo hapo nasikia, "Njoo umenye vitunguu! Hizi sufuria ataziosha nani, jirani?" Mara ya kwanza nikasema ni bahati mbaya, lakini ikawa kila siku, kemia chai, saikolojia vitunguu, nikashuku kwamba mama ananifunza kama panya. Nikafanya jaribio. Nikakivisha kitabu cha saikolojia jalada la kemia, nikakaa nacho mezani baada ya chakula, na chai ikaja!

Basi nikaamua kumfunza na yeye. Akitaja ufamasia nanyamaza na simtazami, akitaja jambo jingine natabasamu na kumjibu. Sasa ameacha kutaja ufamasia, lakini ameacha na mengine yote, haniiti tena jikoni, anamenya vitunguu peke yake, na jana kaka aliniuliza, "We Kobe, umemfanya nini mama? Anakupita kwa kunyata kama mtu aliyekuvunjia kitu." Sijui kama ule ni unyonge wa kweli au ni mbinu nyingine ambayo bado sijaifikia kitabuni. Ijumaa tunachagua masomo ya mwaka ujao na mzazi lazima akubali. Je, nimwamini, au nijihadhari naye?

Kobe

*

Kobe, samahani, nimecheka. Lakini nilipofika kwa mama anayenyata ndani ya nyumba yake mwenyewe, kicheko kilikatika.

Tuanze na jaribio lako, kwa kuwa unapenda sayansi. Kemia unaisoma lini? Baada ya chakula, kazi zimekwisha. Na saikolojia? Jioni, wakati mama ametoka kushinda na wagonjwa na jikoni hakujawashwa moto. Saa hiyo hata ungeshika kitabu kitakatifu ungeitwa kumenya. Ulipobadilisha jalada, ukabadilisha na saa. Umegeuza mambo mawili kwa mpigo, kisha ukamhukumu mzazi kwa moja. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angerudishiwa kazi hiyo.

Sisemi mama yako hana lake. Anautaka ufamasia, na amekuambia waziwazi. Aliyetumia mbinu kwa siri ni wewe. Ulimnyima mama sauti yako ili abadilike, naye amebadilika. Mbinu imefanya kazi, binti yangu. Umefurahi?

Mimi nami nina shaka yangu. Nashuku umeipenda fani hii kwa kuwa unadhani itakupa kuwajua watu bila wao kukujua. Haina zawadi hiyo. Awe wa shuleni, wa kiwandani au wa mahakamani, mwanasaikolojia hukaa uso kwa uso na mtu, na hamchunguzi kabla ya kumwomba ridhaa. Anayechungulia watu bila ridhaa yao tunamwita jina jingine. Kwa hiyo lile swali la mama kuhusu wageni si kejeli tupu. Ni swali la haki, na barua yako yote haikulijibu.

Sasa sikia. Usingoje Ijumaa. Leo akirudi, mwache avue viatu, kisha ingia jikoni kabla hujaitwa umwambie ulichomfanyia, chote, pamoja na lile jalada. Usianze na "kitabu kinasema." Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Akishatulia, mweleze kwamba wanaokwenda kwa mwanasaikolojia si vichaa, na umwombe mwende pamoja kwa mwalimu wa ushauri nasaha shuleni kwenu awaonyeshe masomo yanayotakiwa. Na usifikiri umeikwepa hesabu. Fani hiyo imejaa takwimu.

Halafu muulize anaogopa nini ukiifanya kazi hii. Akianza kusema, usimpime, usimkatize, msikilize mpaka mwisho hata kama mwisho wenyewe ni hapana. Na akikuuliza wewe unaogopa nini, mjibu.