Fimbo ya Mzee Joram

Jumapili usiku

Miguu bado ni baridi, hata baada ya vikombe viwili vya chai.

Kila ubatizo, Mzee Joram ndiye hutangulia ziwani. Hupima kina kwa fimbo na kupigapiga maji, ili kama kuna kiboko karibu ajue watu wamefika. Mimi huingia baadaye, kama mtu aliyetandikiwa njia. Leo Joram ni mgonjwa. Alituma fimbo tu.

Nikasimama pale ukingoni nikiongeza nyimbo za mapambio, nikitumaini shemasi mmoja atajitolea. Wote waliniangalia mimi.

Ndipo Mama Njeri, aliyeomba ruhusa kazini kwenye shamba la maua ili aje kubatizwa, akauliza, "Pasta, si ulitufundisha kiongozi ndiye hutangulia?" Hakuwa ananichokoza. Alikuwa anauliza tu.

Hiyo ndiyo inaniuma. Somo hilo nimelifundisha mwezi mzima, na kumbe nilikuwa nafikiria viti vya mbele kanisani.

Nikachukua fimbo. Maji yakafika magotini, kisha kiunoni. Kila gogo lililoelea niliona ni kichwa cha kiboko. Nilipiga maji kwa nguvu mpaka watoto wakacheka.

Mama Njeri alipoingia nikamshika mkono. Wangu ulikuwa unatetemeka. Akaninong'oneza, "Pole Pasta, hii baridi imezidi."

Nikaitikia, imezidi kweli.

Haikuwa baridi, na nafikiri alijua.

Miaka hii yote sijawahi kumuuliza Joram kama huwa anaogopa.