Levire ilikataa kuota

Yaya Masika,

Habari za Butembo? Hapa Bunia mvua inanyesha tangu asubui, na mu lupango yetu hakuna hata mutu moja wa kusalimia kwa kinande.

Leo mu labo, levire yetu ilikataa kuota. Ni levire ile ile ya mukate, ile inavimbishaka unga, yaya. Tulitia ndani yake kipande kidogo cha mikrobe ya tifoide, tuone kama njo kinaamurishaka seli za mutu kutoka ndani. Sahani zingine, zenye hazikuwa na kile kipande, zilijaa. Ile moja ikabaki tupu. Na tupu njo tulikuwa tunatafuta: kama kinazuia levire kuota, njo kinaumizaka na seli za mutu! Tumejua adui.

Nilirudi nikicheka peke yangu. Mama mwenye nyumba, aliyekimbia vita ya Djugu, alikuwa anakaanga mandazi mu baraza. Nikamuambia: "Mama, levire imekataa kuota!"

Akaacha sufuria. "Pole sana, mwana wangu." Akaniletea donge la unga wake, limevimba chini ya kitambaa. "Anza tena na hii. Yangu haijakataa hata siku moja."

Nilitaka kumufasiria. Lakini alinishika mukono vile wanashikaka mutu wa matanga, na huku hakuna mutu aliyenipa pole tangu tifoide ituchukulie mama. Nikapokea pole yake. Nikalia pale pale, na unga mu mukono.

Unikumbatilie watoto. Ukipita ku kaburi ya mama, umuambie ile sahani ilibaki tupu. Umuambie ni habari njema.

Mudogo wako,
Katungu