Nyumba ya Manfuha na Shamba la Baba

Nyumbani kwa Bi Zeinab,
Jeddah, Saudi Arabia.
Ijumaa, 11 Machi 2016

Mpendwa mdogo wangu Fidel,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku mbali. Kabla sijaingia kwenye habari nyingine, niambie, mgongo wako umepona tangu ulipoanguka na baiskeli? Mama mdogo Jael naye anaendeleaje na presha yake? Na Baba, miguu bado inamvimba, au ile dawa ya Mbale imemsaidia? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Joto la Jeddah lina unyevu, nguo inanata mgongoni tangu asubuhi, lakini nimezoea. Chakula kipo. Usingizi ndio haba.

Barua hii anakuletea Maureen, dada wa Chavakali niliyejuana naye Ghulail, mtaa ambao Waafrika wengi wa huku wanaishi. Sisi tunaoruhusiwa kutoka Ijumaa huenda kwake kusukana na kula ugali. Mkataba wake umekwisha, anarudi nyumbani kabisa. Mkaribishe vizuri, usimwache aondoke na chai tu. Nimeandika kwa sababu simu ya nyumbani hupokelewa na yeyote aliye karibu nayo, na mambo haya nataka uyasome wewe kwanza, ukiwa peke yako.

Asante kwa picha ya Ashley akiwa na sare ya shule. Ameniruka urefu! Nimeibandika ndani ya mlango wa kabati langu. Mwambie mama mdogo kwamba nikimwona mwanangu amenawiri vile, najua ni mikono ya nani imemlea.

Sasa nikueleze kwa nini nilipotea mwaka juzi na sehemu kubwa ya mwaka jana. Nasikia wengine walisema nimeolewa, wengine kwamba nimefungwa. Hakuna lililokuwa kweli, ingawa kufungwa kulikaribia.

Unakumbuka nilikuwa Riyadh, mtaa wa Manfuha, kwa yule mzee. Nyumba za huko ni kuukuu, wenyeji wengi wamehamia mitaa mipya, wakatuachia sisi wageni. Mzee alikataa kuhama. Yeye ndiye aliyekuwa kafili wangu, mdhamini wangu wa kazi. Ikama yangu, yaani kibali cha kuishi huku, ilikuwa chini ya jina lake, na bila sahihi yake nisingeweza kubadilisha kazi wala kupanda ndege kurudi kwetu. Mke wake wa kwanza alifariki zamani, akaacha mtoto wa kiume, Khalid. Mke wa pili ndiye niliyeletwa kumtunza. Tulimwita Mama Kabira, ndiyo kusema mama mkubwa wa nyumba. Yeye alizaa Fahd, na Zeinab aliyeolewa huku Jeddah.

Mzee hakuwa mtu mbaya. Zeinab kila akija alimsihi awaweke wanawe pamoja awaambie anataka mambo yake yaweje. Mzee alikuwa akicheka na kusema, baadaye, inshallah. Nilikuwa pale nikimimina kahawa. Kulikuwa na baadaye nyingi sana katika nyumba ile.

Alifariki baada ya Idi, wakati wa jua kali, akiwa amejinyoosha katika majlisi yake, kile chumba cha kupokelea wageni. Walimzika siku ile ile, kama desturi yao. Matanga yalipokwisha Khalid akaja na kufuli, akaitia kwenye mlango wa majlisi, akasema hakitatoka hata kijiko mpaka mambo yaamuliwe. Kabla ya magharibi Fahd naye akaleta yake, akaitia juu ya ile ya kwanza. Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kuingia bila mwenzake, na wenyewe hawakuwa wakisemezana.

Ndani ya chumba kile kiyoyozi kilibaki kinafanya kazi. Nilitaka kuzima umeme kwenye swichi kuu, Mama Kabira akanikataza. Alisema mzee anapenda baridi.

Pasipoti yangu pia ilibaki humo, kwenye droo ya mzee.

Fidel, sijui nikuelezeje miezi iliyofuata. Huku watu hupumzika adhuhuri, barabara huwa tupu, jua limeshika kila ukuta. Huo ndio wakati mimi nilipopiga deki. Nikifika mlango ule, baridi ilitoka chini yake ikanigusa vidole vya miguu, pamoja na harufu ya udi ambao mzee alikuwa akifukiza. Ndani kulinguruma, kukanyamaza kidogo, kukanguruma tena, kama mtu anayevuta pumzi. Mama Kabira alitandika zulia lake pale mlangoni. Alimimina kahawa vikombe viwili. Alimweleza mzee habari za bei ya nyama na za wajukuu, kisha akatega sikio kusubiri jibu.

Siku moja akaniambia, "Bisha hodi, umwambie chakula kiko tayari."

Nilimtazama nikadhani anatania. Hakuwa akitania. Nikabisha. Nikasema, "Baba, chakula tayari." Bibi akatulia, akala vizuri siku hiyo, ndiyo maana kesho yake nikabisha tena. Nilikuwa naomba kwa jina la Yesu kabla na baada. Na lililonitisha kuliko yote ni siku nilipojikuta nimebisha bila kutumwa, bibi akiwa amelala, nami nimesimama pale na sahani mkononi, nasubiri.

Wakati huo ikama yangu ilikwisha muda. Nikamuuliza Fahd, akasema nimuulize Khalid. Khalid akasema mafi, yaani hapana, hakuna kitu kitakachotoka nyumba ile mpaka kigawanywe, na sahihi yake hawezi kuiweka kwa mambo ya nduguye. Hapo ndipo nilipoelewa. Kafili wangu alikuwa marehemu, na mimi nilikuwa miongoni mwa vitu vya marehemu, kama mazulia na birika. Sikuweza kutoka hata kununua vocha ya simu, maana Manfuha askari hupita wakikagua vibali. Ndio ukimya wangu huo.

Tena nisikudanganye, si kwamba hawakuwa na sheria. Sheria ya dini yao inajua fungu la mjane, la mtoto wa kiume na la binti, na wote walilijua. Walilokosa ni neno la baba yao kuhusu mengine yote: nani akae na Mama Kabira, nyumba iuzwe au ibaki, na je, Khalid ambaye mama yake hayupo bado ni mtu wa nyumba ile? Kila mmoja alijijibu mwenyewe, na kila mmoja alijijibu vibaya.

Kiyoyozi kilikufa mwaka jana, mwezi wa nane. Nilikuwa naanika nguo. Nikahisi kuna kitu kimekosekana, sikujua ni nini, mpaka nilipoingia ndani nikasikia viatu vyangu mwenyewe sakafuni. Mama Kabira alikuwa chini, ameegemeza sikio mlangoni.

"Amekwenda," akaniambia. "Sasa ndio amekwenda."

Hakula siku hiyo, wala iliyofuata. Nilimpigia Zeinab kwa simu ya bibi nikamwambia mama yake anakufa. Zeinab alikuja kwa ndege, na sijui aliwaambia nini ndugu zake, lakini walifika wote wawili, kila mmoja na ufunguo wake. Wakasimama mbele ya mlango. Yaani wanaume wazima wenye ndevu, na hakuna aliyetaka kuanza.

Mama Kabira alikuwa ameketi pale pale kwenye zulia. Akawaambia bila kupaza sauti, "Mmefanya nimzike mara mbili."

Khalid akafungua yake. Fahd akafuata.

Kilichokuwemo ni kidogo sana, mdogo wangu. Viatu vyake vya ngozi karibu na mlango. Kikombe ambacho kahawa yake ilikauka ikawa kama lami. Maji ya kiyoyozi yalikuwa yametambaa ukutani mpaka kwenye zulia, kila kitu kikashika ukungu, na ile harufu ya udi niliyoisikia muda wote huo haikuwepo kabisa. Nilivuta pumzi tena na tena nikiitafuta. Haikuwepo. Khalid aliokota kanzu ya baba yake, ikamchanikia mkononi, akaketi akalia kama mtoto, na Fahd akaenda kuketi karibu naye. Hawakukumbatiana. Waliketi tu.

Zeinab akataka waanze kuhesabu vitu. Mama yake akamzuia, akanishika mkono, akanivuta mbele.

"Huyu kwanza," akasema. "Yeye si samani."

Siku hiyo hiyo walitia sahihi nihamishiwe kwa mume wa Zeinab. Pasipoti yangu ilikuwa na ukungu kwenye jalada, lakini picha yangu ilisalimika. Nyumba iliuzwa baadaye, kila mtu akapata fungu lake. Lakini kabla mimi na Mama Kabira hatujahamia huku kwa Zeinab, yeye alitoa vitu vyake mwenyewe kwa mkono wake, hakungoja kufa: dhahabu yake kwa Zeinab na kwa wake wa wanawe, na birika la kahawa la mzee akampa Khalid, ambaye hakumzaa. Khalid aliubusu mkono wake. Siku hizi humpigia simu kila Ijumaa, na Fahd akiwa Riyadh hula kwa Khalid. Sitasema wamekuwa ndugu wa kupendana. Wanasalimiana.

Mimi ndiye sijapona. Adhuhuri nikipita kwenye mlango uliofungwa mkono huinuka wenyewe. Zeinab alinikuta nimesimama mbele ya stoo, ngumi juu, akanishika bega. Na sauti ninayoisikia upande wa pili siku hizi si ya mzee wa Manfuha. Ni ya Baba yetu, ananiuliza ni nani huko nje.

Imeanza tangu Ashley aliponiambia kwenye simu, bila kujua uzito wake, kwamba Dominic amepanda michongoma ya mpaka kutoka kisimani hadi barabarani, na kwamba wewe uliing'oa. Akasema Baba siku hizi hula chumbani kwake, hataki kuketi na mtu. Fidel, mnagawana mtu ambaye bado anapumua. Anawaona.

Dominic ni ndugu yangu wa tumbo moja, na wewe ni wa mama mdogo. Najua huko watu wanasubiri kuona nitasimama upande gani. Sitasimama upande wowote. Dominic naye nimemwandikia, na maneno ni haya haya.

Ninachoomba ni hiki. Michongoma iacheni kwanza, isipandwe wala kung'olewa. Mwiteni mzee wa ukoo na pasta, mketi na Baba yeye akiwa na nguvu, mchana, mlango wazi. Akishasema, apelekwe kwa wakili pale Mbale aandike wosia, na mashahidi wawe watu wasiopata kitu. Kisha mpimaji apitishe mipaka mbele ya macho yake. Najua anaogopa kwamba akigawa shamba atakufa. Mwambie kwamba yule mzee wa Riyadh hakugawa chochote.

Na jina langu liwemo. Usiniambie mimi ni msichana niliyezalia nyumbani, sheria yetu sasa haiulizi hilo. Siombi pakubwa. Nataka pale alipozikwa mama yangu na njia ya kufika hapo bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mimi wosia wangu nimeshaandika, Maureen na mwenzake Susan wakawa mashahidi. Maureen atakupa nakala. Ile nyumba ya matofali niliyoijenga hapo nyumbani ni ya Ashley. Lakini mama mdogo Jael ataishi ndani yake maisha yake yote, hata Ashley akiolewa, hata siku wakigombana. Ufunguo apewe sasa, asingoje mimi. Na nikifia huku, msihangaike kunirudisha. Nizikwe huku, ninyi mwimbe huko.

Nisalimie Dominic na watoto wake, ukiweza kwenda hadi mlangoni kwake. Nisalimie shangazi Mirriam na wote wa kanisani. Mkumbatie Ashley, mwambie nikipata likizo mwaka huu nitakuja, nami safari hii naamini nitapewa. Mama mdogo mwambie nampenda, yeye ni mama kwangu.

Baba nakuachia wewe, kwa kuwa unakaa karibu naye. Mpelekee chakula huko chumbani, uketi ule naye. Usimuulize nani atapata nini. Muulize anataka tukae vipi atakapokuwa hayupo. Halafu nyamaza, hata kama atachukua muda mrefu kujibu.

Mungu wa mama zetu wote wawili awafunike hapo bomani, usingizi wenu uwe mwema.

Ni mimi dada yako nikupendaye popote nilipo,

Rosebellah