Nimeitwa Mchawi, Sasa Naitwa Harusini

Majengo,
Mombasa.
9 Agosti 2024

Mpendwa mpwa wangu Kache,

Salamu nyingi zikufikie huko Doha. U hali gani, na joto la huko unalivumilia vipi? Kile kifua kimepona? Mimi sijambo, isipokuwa magoti. Binti yangu Joy ananitunza vizuri katika chumba chake, ingawa ni kidogo na kitanda changu kiko nyuma ya pazia.

Barua yako nimeipata. Nimefurahi kwamba utaolewa Desemba. Unataka nije kijijini nikae kwenye kiti cha mjomba, kwa kuwa akina Dzoro, mchumba wako, hawatatoa mahari mjomba asipokuwepo. Tena unauliza: Yesu alisema tuwapende adui zetu, lakini mimi niliwafundisha zaburi ambamo Daudi anamwomba Mungu awavunje adui zake meno. Tufuate lipi?

Ni swali zuri. Jicho kwa jicho aliambiwa hakimu, ili adhabu isizidi kosa, hakuambiwa jirani. Katika Torati hiyohiyo, mtu akimkuta punda wa adui yake amepotea, ameamriwa amrudishe. Daudi naye alililia meno yavunjwe, lakini alimlilia Mungu. Alipompata Sauli pangoni, alikata upindo wa vazi lake tu, akamwacha aende. Basi Yesu hakuyafuta hayo. Alikwenda mbele zaidi, akataka na moyo pia umrudishe huyo punda.

Hayo ndiyo maelezo, na ninayaamini. Kuyatenda ndiko kunakonishinda.

Kaka yako Kazungu, mtoto wake alipougua kifafa, alisimama mbele ya watu akasema ni mimi ninayemroga, kwa kuwa nina mvi na naishi peke yangu. Jioni yake vijana wakaja na mapanga. Waliingia kwa mlango wa nyuma. Mlango huo Kazungu alinitengenezea kwa mikono yake, na ni yeye tu aliyejua kwamba komeo lake halishiki. Nilitorokea dirishani, mzee wa miaka sabini na mmoja, nikafika Mombasa bila viatu.

Juzi nilikwenda Biashara Street kukununulia leso ya harusi. Zoher mwenye duka, rafiki yangu wa siku nyingi, aliniona nazishika na kuzirudisha, akaniuliza nina nini. Nikamweleza yote, na Daudi, na punda. Akacheka.

"Mwalimu, Torati, Zaburi na Injili, zote kwa leso moja?" Kisha akashusha sauti. "Huyo Kazungu umemsomea ya kutosha. Na huyu bibi harusi, alikuwa na habari?"

Ulikuwa na habari, Kache. Mama yako Mbodze ameniambia kwamba Kazungu alikupigia simu wiki moja kabla, akakueleza atakalofanya. Namba yangu unayo. Ulinyamaza wiki ile, ukanyamaza miezi mitano iliyofuata, mpaka ulipohitaji mjomba.

Juu ya adui, Maandiko yana mengi. Juu ya hili nimepata zaburi moja, ambamo mwimbaji anasema angekuwa adui angevumilia, lakini aliyemtenda ni mwenziwe, ambaye walikuwa wakienda pamoja nyumbani mwa Mungu. Nimeisoma mara nyingi. Inaniambia nimtwike Bwana mzigo wangu. Hainiambii nitakutazama vipi usoni.

Nitakuja. Kabla sijaketi, Kazungu atanirudishia jina langu mbele ya watu walewale. Kisha nitapokea fungu la mjomba katika mahari na nitakubariki, maana baraka si yangu niizuie. Kwako wewe sitaki maneno ya mbele ya watu. Nataka unieleze, tukiwa wawili, kwa nini hukupiga simu. Jioni hiyohiyo nitarudi Majengo. Katika nyumba ile siwezi kulala tena.

Nisalimie Dzoro ukizungumza naye, na wenzako wa kazini. Joy anakusalimu sana. Leso ameichagua yeye. Mungu akulinde ugenini na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Mjomba wako, ambaye bado anakupenda,
Ngowa