Duara la Chaki

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, nikiomba zikukute mzima na kile kifua chako kimekuacha upumue. Huku tunaendelea. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo uko pale pale: juzi kamtimua muuza mkaa kisa gunia halikujaa. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio ulionikalisha kitako nikuandikie.

Gari la baba limepata mtu wa kulinunua. Ni mwalimu mstaafu, anapenda magari ya zamani kama wenzake wanavyopenda wajukuu. Kanunua matairi mapya manne, na hataki mashine iguse zile rimu za spoku. Alisema yafungwe kwa mkono, tena na mtoto wa yule mzee mwenyewe. Nilitaka kukataa, mama akaniambia nifanye tu, gari likiondoka labda atapata usingizi.

Basi nikakaa kwenye kibanda cha ufundi cha baba na vyuma bapa viwili vya kubandulia tairi, nyundo ya mpira na povu la sabuni. Matairi matatu ya zamani yalitoka bila shida. Ndani ya kila moja nilikuta duara lako la chaki. Unakumbuka baba alivyotaka kila fundi aweke alama yake kabla ya kufunga, kazi ikiharibika ajulikane wa kuulizwa. Nilicheka peke yangu nikikumbuka ulivyokuwa ukiniita Mikono Laini, na mimi nikinuna kutwa.

Likabaki la nne, la mbele kushoto, lile lililompasukia baba kwenye mteremko. Miaka sita lilikuwa stoo ndani ya gunia. Mama hakutaka kuliona, kama alivyokataa kukuona wewe tangu alipokutoa nyumbani mbele ya waombolezaji, akisema matairi yalikuwa kazi yako na wewe ndiye uliyemuua mumewe.

Kaka, lile gurudumu nililifunga mimi.

Ulikwenda kula, ukaniambia nisiliguse mpaka urudi. Nilitaka ukirudi ulikute limeshakamilika, uache kunicheka. Baba alitufundisha tyubu ijazwe upepo kidogo, itolewe, ijazwe tena, mikunjo ijinyooshe. Mimi niliijaza mara moja tu. Nikaweka mistari yangu mitatu ya chaki, nikafunga. Kabla hujarudi baba akaja, akawasha gari, akaondoka. Mama alipokugeukia wewe, nilifunga mdomo. Nawe ukanyamaza, nikajidanganya kwamba ulidhani baba alilifunga mwenyewe na hutaki kumlaumu marehemu.

Nilipolifungua, tyubu ilikuwa imechanika pale pale kwenye mkunjo. Nikatafuta mistari yangu. Ilikuwa imefutwa kwa kidole kilicholowa, bado inaonekana kwa mbali, na juu yake pana duara lako. Kumbe baada ya ajali ulilifungua kabla hujaondoka nyumbani, ukajua, ukalifunga tena ili siku yoyote nisijulikane mimi. Nililia, kaka. Nimekula kwa mama miaka sita kwenye kiti chako.

Nilimpelekea mama lile tairi, nikamweleza yote bila kuficha. Alipapasa duara lako kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwandikie mwanangu arudi nyumbani." Tangu siku hiyo salamu yangu haitikii, na simlaumu. Chumba chako amekifagia mwenyewe, kwa magoti yale yale.

Sikuombi unisamehe, sina uso huo. Nakuomba urudi kwa ajili yake. Ukija, ukaona heri nisiwepo, nitaondoka bila kinyongo.

Matairi matatu nimeshayafunga, upepo mara mbili kila moja. La nne sijaligusa. Nimemwambia mwalimu asubiri, fundi wake yuko safarini.

Msalimie sana wifi, na umbusu yule mtoto ambaye sasa mama anauliza kila asubuhi amefanana na nani.

Ni mimi mdogo wako,
Mikono Laini