Mjane wa Tabutany

Sosiot, Jumapili

Ndugu yangu Weldon,

Huku mvua imeshika na majani chai yamezidi mikono ya kuchuna. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Jumanne nilienda mjini, kwa ofisi ile ambapo mambo yote ya serikali siku hizi ni kompyuta. Nilitaka niandikwe mjane wa marehemu Tabutany, nibaki na shamba letu la chai. Unajua alinioa kwa desturi yetu, mwanamke asiye na mtoto akioa mwanamke mwenzake ili azaliwe mtoto wa kurithi jina lake. Karani alijaribu mara tatu.

"Mama, nikiweka mume ni mwanamke, mashine inakataa. Nikuandike nani? Dada yake? Mfanyakazi?"

Watu kwa laini wakacheka. Akaniandika mfanyakazi.

Chifu anasema itarekebishwa, mradi mtu wa kwetu aliyepokea mahari aje aweke sahihi. Baba alishalala, umebaki wewe. Nilipokupigia ukasema siku hizi wewe ni mzee wa kanisa, mambo ya giza huyajui.

Sawa. Lakini ng'ombe wa Tabutany walipoletwa, wewe ndiye uliyewafungulia geti, na wawili waliuzwa ukaenda koliji. Kama mimi nilikuwa mfanyakazi wake, niambie wale ng'ombe walikuwa wa nini.

Salimia bibi yako na watoto.

Ni mimi dada yako,
Rodah, mfanyakazi wa Tabutany kwa miaka ishirini na sita