Karatasi Mbili za Bukuru na Toyi

Jumatatu, 13 Novemba

Chai ya rangi, kipande cha mhogo, gazeti la juzi. Nimepigia mstari uongo wa aina tatu katika ukurasa mmoja. Nimemwandikia mhariri barua. Hataichapisha, kama zile nyingine.

Kabla ya kufungua duka langu la kopi nimeandika upya, kwa mara ya nne, kanuni za kura ya darasa la kwanza. Shule yetu mpya ya serikali hapa Ujiji, ile ya mchepuo wa Kiingereza, ina nafasi arobaini na tano. Maombi ni mia mbili na kumi na mawili. Mwaka jana watoto waliingia kwa vimemo vya wakubwa. Nikapiga kelele redioni hadi wakachoka. Wakakubali kura, kisha wakaniingiza mimi, mwalimu mstaafu, kwenye kamati ili ninyamaze. Hawanijui.

Kifungu cha tatu kimenipendeza kuliko vyote. Mtoto mmoja, karatasi moja. Hakuna mtoto wa diwani, hakuna mdogo wa fulani, hakuna pacha. Sentensi fupi haina pa kujifichia mwizi.

Alhamisi, 16 Novemba

Kikao. Nimeshinda.

Hamisi, fundi cherehani, mwakilishi wa wazazi, ndiye aliyeleta ubishi. Anataka pacha mmoja akitoka kwenye kura, mwenzake aingie naye moja kwa moja. "Bukuru akitoka, Toyi haulizwi. Ndivyo tulivyo huku." Ni kweli ndivyo walivyo Waha: pacha anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, Toyi kwa kifupi, na tangu siku hiyo hakuna anayempa mmoja akamwacha mwenzake.

Nilisimama. Nikamwonyesha kwamba kwa mpango wake mapacha wana mikono miwili ndani ya ndoo ya kura wakati mtoto wa jirani ana mmoja. Bahati yao inakuwa karibu mara mbili. Huo ni upendeleo, hata ukivishwa mila. Nikamalizia: "Fundi, mteja akinunua shati moja kwako, unamfungia na la pili bure?"

Walicheka wote. Yeye akakunja futi yake ya kupimia, akaitia mfukoni.

Nikaongeza kwamba mimi mwenyewe nina wajukuu mapacha kwenye orodha na bado nasema hapana. Wakapiga makofi. Niliyapenda makofi yale. Naandika hapa kwa sababu sitamwambia mtu.

Ijumaa, 24 Novemba

Kesho kura. Mwajuma, binti yangu, amewanyoa na kuwasuka wanawe kana kwamba ndoo ina macho. Mumewe yuko Mpanda kikazi, kwa hiyo yeye na mapacha wanaishi kwangu. Bukuru wa kiume, Toyi wa kike. Miaka sita. Wanalala mkeka mmoja na kuumwa siku moja. Wanamaliziana sentensi. Huwa wananikera.

Sina wasiwasi. Wote wawili au hakuna hata mmoja, nimezoea kufikiri hivyo. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 25 Novemba

Nimerudi kutoka kwenye kura.

Uwanja wa shule ulijaa. Muuguzi wa zahanati alikuwa akichomoa karatasi, mwalimu mkuu akisoma kwa kipaza sauti, katibu akiandika. Jina la ishirini na nane: Bukuru wetu. Vigelegele. Na hapohapo, kabla muuguzi hajarudisha mkono kwenye ndoo, wanawake wakaanza: "Na Toyi! Na Toyi!" Mmoja akamkumbatia Mwajuma. "Hongera, Mama Bukuru, wote wawili!"

Nikatazama meza. Katibu, mtu wa Kidahwe, mtu mpole, mwaminifu, alikuwa ameshaandika ishirini na tisa: Butoyi. Hakuna aliyemwambia. Mkono wake uliandika tu, kama mtu anavyovaa kiatu cha pili baada ya kile cha kwanza. Hakutaka kuiba. Kwake lilikuwa jina moja lenye mistari miwili.

Hakuna aliyepinga. Watu zaidi ya mia tatu na hakuna aliyepinga.

Nilipinga mimi. Nikainuka, nikasema lifutwe. Nikasoma kifungu cha tatu kwa sauti. Katibu alinitazama, akatazama wenzake, akafuta. Mama mmoja nyuma yangu akasema, si kwa kunong'ona: "Huyu bibi ana moyo wa jiwe la kusagia."

Kura ikaendelea. Toyi hakutoka kwenye arobaini na tano. Wakachomoa orodha ya akiba. Akatoka wa nne.

Kulikuwa na mapacha wengine kutoka Simbo. Hawakutoka kabisa, wala huyu wala yule. Mama yao aliwashika mkono, akaondoka anatafuna muwa. Alikuwa na amani kuliko binti yangu, aliyeshinda.

Jumapili, 26 Novemba

Mwajuma hasemi nami. Ananiwekea chakula, anaondoka.

Toyi alikuja kibarazani. "Bibi, mimi nimekosa nini?"

Nimewahi kubishana na wabunge. Nilimwambia akachote maji.

Jumanne, 28 Novemba

Bibi yao wa upande wa baba ameshuka kutoka Kalinzi kwa bodaboda, na mkungu wa ndizi mgongoni kwa dereva. "Mwakeye," akanisalimu kwa Kiha, akaketi, akafungua kanga. Madaftari manne, penseli nne, yote kwa jozi.

Nikamwambia nafasi ni moja. Akasema amesikia, Kalinzi nzima imesikia. Kisha: "Mapacha hawapewi kwa zamu."

Nikamshukia. Nikasema huo ni ushirikina, nimesoma vitabu, kuna mataifa yaliyowaogopa mapacha na mataifa yaliyowaabudu, na yote yalikosea kwa namna moja: hayakuwaona kama watoto wawili. Nilisema vizuri sana.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Mwalimu, mimi sijasema watakufa. Nimesema watahesabu."

Akamenya ndizi, akaikata katikati, akawapa.

Watahesabu. Miaka saba ya shule, kila asubuhi, sweta mpya ya shule ile na sweta kuukuu ya shule ya mtaa zikitoka mlango mmoja. Nimekasirika kwa sababu amesema kweli.

Jumatano, 29 Novemba

Mwenyekiti wa kamati alikuja dukani kutoa kopi ya kitambulisho. Ana kopi ishirini za kitambulisho. Alisubiri wateja watoke.

"Mwalimu, wale watatu walio mbele ya mjukuu wako si watu wa kuja kusoma orodha ukutani. Nafasi zinapatikana. Wewe kaa kimya tu."

Nikakaa kimya.

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Alitabasamu, akalipa, akaenda.

Mchana kutwa nimekuwa nikijenga hoja. Kwamba hiki si kimemo, ni marekebisho. Kwamba hapa mwenye kunufaika ni mtoto, si mkubwa. Kwamba katibu alikuwa ameshaandika, kwa hiyo mimi ndiye niliyeharibu. Hoja zangu ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupeleka redioni. Kumbe wale wa vimemo nao walikuwa nazo, mwaka jana, kila mmoja na mjukuu wake.

Wa kwanza kwenye akiba ni binti wa mama muuza nyanya, sokoni, safu ya pili. Nanunua nyanya kwake.

Alhamisi, 30 Novemba

Nimeona. Saa tano asubuhi, nikisubiri mashine ya kopi ipate moto.

Karatasi moja, majina mawili. Ndivyo tu. Mapacha wanaingia kwenye ndoo kwa karatasi moja. Ikitoka, wote. Isipotoka, hakuna. Kila mtoto bado ana mkono mmoja, hakuna aliyezidishiwa chochote, na hakuna nyumba inayopasuliwa. Mtoto wa darasa la nne angeliona.

Kwa nini sikuliona mimi? Kwa sababu Hamisi alileta wazo lenye kasoro na mimi nilikuwa nashughulika kushinda. Nikiona kasoro, naacha kufikiri. Nachukua nyundo. Miaka thelathini nimejisifu kwa tabia hii.

Nilifunga duka. Kwanza kwa mwenyekiti. Nikamwambia hapana, mbele ya katibu, kwa maneno ambayo hayawezi kueleweka vingine. Akajifanya hajui ninazungumzia nini. Sawa.

Kisha kwa Hamisi. Nilisimama mlangoni pake kama mteja asiye na kitambaa. Nikamwomba radhi kwa lile la shati. Hakuinua uso kutoka kwenye cherehani.

"Kwa hiyo leo mimi si kichekesho?"

"Leo kichekesho ni mimi, fundi."

"Hilo nalo lisemee redioni."

Akanipa kigoda. Nikamweleza karatasi moja, majina mawili. Akashona upindo mzima ndipo akauliza: ikibaki nafasi moja tu, ikatoka karatasi yenye watoto wawili, je? Jibu alikuwa nalo mwenyewe. "Ongezeni dawati. Darasa si suruali, haliwezi kupasuka makalio kwa mtoto mmoja."

Nimecheka njia nzima. Kisha nikakumbuka Toyi, nikaacha.

Ijumaa, 1 Desemba

Kikao cha dharura. Hamisi amewasilisha, mimi nimeunga mkono. Imepita. Kuanzia mwakani.

Mwakani. Kura ya mwaka huu haifunguliwi. Kuna kifungu cha tisa kinachokataza, na kila mtu mezani anajua nani alikiandika. Mwalimu mkuu alinitazama kwa huruma. Afadhali angenitukana.

Wazazi wana hadi Jumatatu saa tisa kuthibitisha nafasi. Jioni nilianza makala. Aya ya kwanza ilikuwa kali, na Toyi alikuwa ndani yake, na mkeka. Mwajuma akasoma begani mwangu. Maneno yake ya kwanza kwangu kwa siku sita:

"Mama, usiwaandike wanangu."

Nimeichana. Kinachobaki ni hapa, na hapa hapasomwi.

Jumapili, 3 Desemba

Bukuru amegoma kujaribu sare ya kuazima. Amejificha chini ya kitanda. Toyi ndiye aliyembembeleza atoke, akamfunga vifungo yeye mwenyewe, vyote, hadi cha juu kabisa. Sikuweza kuangalia.

Jumatatu, 4 Desemba

Mwajuma alirudi kutoka mwaloni, wanakoshusha samaki, harufu ya dagaa bado mikononi, akanawa, akachukua fomu ya kuthibitisha. Nikajua haendi kuthibitisha.

Nilimfuata hadi barabarani. Nilimwambia yote. Kwamba shule kama ile haitafutwi mara mbili. Kwamba Bukuru akifika mbali atamvuta mwenzake. Kwamba mtoto hawezi kunyimwa kwa sababu ya mtoto mwingine, kwamba hiyo nayo ni dhuluma, na kwamba siku moja Bukuru atakuja kuuliza. Nilikuwa sahihi katika kila neno. Watu walisimama kusikiliza, kama kawaida.

Aliningoja nimalize. Ana subira ya baba yake, Mungu amrehemu.

"Mama, ulisema mtoto mmoja, karatasi moja. Mimi sina mtoto mmoja."

Akaenda. Saa nane na nusu alikuwa ameshairudisha nafasi ya Bukuru.

Nimetafuta la kumjibu mchana kutwa. Nahofia amekosea. Nahofia pia kwamba mimi ndiye niliyemfanya achague, na aliyemfanya mtu achague hana haki ya kusahihisha.

Alhamisi, 7 Desemba

Nilipita sokoni. Mama wa nyanya ameitwa shuleni. Binti yake ameingia. Alikuwa akiwaambia wateja wote, akatia nyanya tatu za ziada kwenye mfuko wangu bila kujua nafasi ile imetoka nyumbani kwangu. Nilizichukua. Zilikuwa nzuri.

Jumatatu, 8 Januari

Mvua tangu alfajiri, kisha jua. Tuliwapeleka sisi watatu, Mwajuma, mimi na bibi yao wa Kalinzi, kwenye shule ya zamani ya mtaa. Sweta mbili mpya, za rangi moja.

Mwalimu wa zamu alikuwa na watoto wengi mno wa darasa la kwanza. Akawapanga mstari, akawagawa mikondo miwili kwa kuhesabu: wewe A, wewe B, wewe A, wewe B. Bukuru alikuwa mbele, Toyi nyuma yake. Bukuru akaenda A. Toyi akaenda B. Ilichukua muda wa kupiga chafya mara moja.

Nilifungua mdomo. Mwajuma akanishika mkono. Bibi wa Kalinzi alikuwa akitazama juu, kwenye bati, kama anayehesabu misumari. Nikafunga mdomo.

Saa sita walirudi. Bukuru alisema mwalimu wao ana kengele ya mkono. Toyi akasema wa kwao hana, ila wana dirisha linaloonyesha ziwa, na kuna msichana anaweza kukunja ulimi. Bukuru akauliza anaukunja vipi. Toyi akamwonyesha. Wakakaa kwenye mkeka hadi chakula kikapoa, huyu akiuliza, yule akisimulia. Sikuwahi kuwasikia wakiulizana kitu: siku zote walikuwa wamekiona pamoja.

Mwajuma alikuwa akichambua mchele. Sikumtazama, naye hakunitazama.